Maji Baridi Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaanga damu. Ndivyo alivyosema Mkuu wa Dobi, na neno lake nimetembea nalo mpaka nimestaafu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, nimeachia shule darasa la sita, na nilikuwa nimepewa rundo la mashuka kutoka leba, yaani chumba wanamojifungulia kina mama. Kwetu Tandika nilijua kwamba kitu kichafu sana kinataka maji ya moto sana. Nikachemsha pipa zima, nikamimina. Mvuke ukajaa chumba. Mzee akaja ananusa.

"Binti, unapika nini humo?"

"Shikamoo, mzee. Nafua."

"Marahaba. Hufui, unakaanga. Damu ya uzazi ukiimwagia maji ya moto inaiva ndani ya nguo, haitoki tena mpaka kiama. Maji baridi kwanza. Maji baridi na chumvi, unaloweka, unaiacha ilegee yenyewe. Halafu sabuni. Halafu dawa. Moto ni wa mwisho kabisa."

Yale mashuka hayakupona. Mzee akayakata vipande, yakawa vitambaa vya kudekia, na kila nilipodeki niliiona ile alama ya kahawia ikinitazama. Hakunifokea. Alikuwa Mmakonde wa umri mkubwa, mwenye mikono iliyochubuka kwa dawa ya klorini, na alifundisha kazi kama mtu anayekukabidhi nyumba yake.

Naandika haya kwa vijana wanaoanza uhudumu wa afya siku hizi, wenye mashine inayofua, kukamua na kukausha. Sisi tulifulia kwenye karo la saruji. Vitu vya leba havikuchanganywa na vya wodi, na vya wodi havikuchanganywa na khanga za wazazi. Mzazi, kwa lugha ya hospitali, ni mwanamke anayejifungua au aliyejifungua sasa hivi. Mumewe kule nje ya geti, hata awe na watoto kumi, si mzazi, ni ndugu wa mgonjwa. Neno hilo nitalirudia.

Nifafanue kwa nini nilikuwa pale. Baba yetu alitoka Masasi kuja kubeba mizigo Kurasini, akafariki kwa homa mimi nikiwa bado na sare ya shule. Mama alikuwa na mimba wakati huo. Siku ya kujifungua alikuwa nyumbani, juu ya mkeka, pamoja na bibi mmoja wa mtaani aliyekuwa na nia njema na wembe mpya, basi. Nilitumwa maji. Niliporudi nikapewa mtoto mikononi, na mama alikuwa ameshafunikwa uso. Mtoto huyo ndiye Neema. Katikati yetu alikuwepo Faustini, mdogo wangu wa kiume. Shangazi mmoja alitaka tugawanywe, huyu huku, yule kule. Nikakataa. Nikasema nitawalea mwenyewe, na nikaacha shule wiki ileile.

Shuka la mama nililifua mimi, kwa maji ya moto. Kwa hiyo Mkuu wa Dobi aliponieleza habari ya chumvi na maji baridi, nilikuwa nasikia jambo ambalo lingenifaa mwaka mmoja uliotangulia.

Kituo chetu cha afya kilikuwa cha masista, upande wa Temeke unaotazama Kurasini, na siku nzima malori ya makontena yalitikisa madirisha. Mkubwa wa kituo alikuwa Sista Mfawidhi, mwanamke mrefu kutoka bara, asiyepandisha sauti. Aliponiajiri aliuliza swali moja tu.

"Tekla, mtoto unamwacha na nani?"

"Kwa jirani, Sista. Ana maziwa yake ya kopo."

"Saa nne uende ukamwone. Mashuka yatakusubiri."

Kila siku saa nne nilikwenda. Hilo halikuandikwa popote na hakuna aliyenidai.

Baada ya dobi nilihamishiwa chumba cha vyombo. Huko kazi ilikuwa kusugua mikasi, koleo na mabeseni, kuvifunga kwenye vitambaa kwa seti, na kuviingiza ndani ya mtungi wa mvuke, ambao ni kama sufuria kubwa lenye kifuniko cha kubana, mpaka vijidudu vyote vife. Seti moja ni mzazi mmoja: mkasi wa kitovu, vibanio viwili, nyuzi, pamba, kitambaa cha kumpokelea mtoto. Nilifunga seti hizo kwa miaka. Nilizipeleka mpaka mlango wa leba, nikagonga, mkono ukatoka, ukapokea, mlango ukafungwa.

Mkono huo ulikuwa wa Mkunga Mkuu, Bi Zuhura. Alikuwa mwenyeji wa Pwani, mfupi, mnene kiasi, na alikuwa na kanuni yake mwenyewe ambayo hata Sista hakuigusa: mwanamke asiyezaa haingii leba.

"Si kwamba nakudharau, mwanangu," aliniambia nilipomwomba mara ya kwanza. "Mtu akiwa juu ya kile kitanda anatafuta uso. Akiona uso wa aliyepita njia ile, anapata moyo. Akikuona wewe umekodoa macho, mtaogopa wawili."

"Lakini mimi nina mtoto, Bi Zuhura."

"Una mdogo wako. Mungu akubariki kwa hilo. Uchungu lakini hujaupata."

Nilirudi kwenye vyombo vyangu. Sikuolewa, waliokuja walinitaka mimi bila Neema na Faustini, na sikuwa na namna ya kujikata vipande. Basi mlango ule ukabaki mlango kwangu.

Nilipopandishwa kwenda wodi ya wazazi, wanakolala kina mama wakishajifungua, bila kuachishwa kufua na kufunga seti, nilianza kuwaelewa wanawake hawa. Walikuja wa dini zote. Mmoja ana rozari shingoni, jirani yake ana tende ndani ya leso, kwa sababu Waislamu wa kwetu hula tende wakishikwa na uchungu, wakimkumbuka Bi Mariamu chini ya mtende. Usiku mmoja walikuwa hawajuani, asubuhi wanabebeana watoto. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, na sijaona ushujaa kama wa mwanamke anayeshuka kitandani akishikilia ukuta, anakwenda kuoga, anarudi anauliza, "Amelala?"

Mwezi wa kumi na mbili Sista Mfawidhi alitengeneza pango la Noeli kwenye korido ya wodi. Sanamu zilichongwa kwa mti na fundi mmoja wa Kimakonde, ng'ombe wake ana uso kama wa binadamu. Kazi yangu ilikuwa kuleta kitambaa cheupe cha kumlazia Mtoto. Noeli ya kwanza nikiwa wodini nilisimama pale nikamwangalia Maria. Amepiga magoti. Kanzu ya buluu, safi, hata mkunjo hamna. Mimi natoka kufua.

"Sista," nikasema, "nguo za Bi Maria siku ile alifua nani?"

Sista aliweka chini mwanakondoo aliyekuwa anamfuta vumbi. Hakucheka.

"Injili inasema alimvika Mtoto nguo za kitoto. Kuhusu kufua haisemi. Mama yake hakuwepo, mkunga hatajwi." Akafikiri. "Nadhani ni Yosefu. Tunamwita baba mlishi. Hakumzaa, na malaika alimwambia amchukue awe wake. Mlishi ni mtu wa kufanya yote ambayo hayaandikwi."

Bi Zuhura alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Yeye na Sista walizoea kutaniana habari za dini, na hakuna siku niliyoona mmoja wao akinuna.

"Sista, sie kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa Bi Mariamu alipata uchungu mpaka akatamani angekufa kabla ya siku ile. Nyie mnasemaje?"

"Kanisa linafundisha alizaa naye ni bikira. Wazee wetu wa imani walisema Bwana alipita kama mwanga unavyopita kwenye kioo, kioo kisivunjike."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zuhura. "Mwanga huo nao siku moja uje kwenye zamu yangu, nipumzike mgongo."

Sista alicheka mpaka akakaa. Lakini jioni, nakunja mashuka, maneno yale yalinirudia. Kama Maria hakupata uchungu wa kuzaa, basi uchungu wake wote aliupata baadaye: mtoto kutafutwa auawe, mtoto kupotea hekaluni, mtoto kuwambwa msalabani. Kiswahili chetu kinayaita mambo hayo mawili kwa neno lilelile. Tunasema mtu ana uchungu, kajilaza leba. Na tunasema mtu ana uchungu na mwanawe, maana yake hataki hata upepo umguse. Nilijiuliza ni upi hasa Bi Zuhura aliokuwa anautafuta mlangoni.

Neema alikua. Alikuwa mwepesi wa maneno na mwepesi wa kucheka, na nilimsomesha mpaka kidato cha nne. Alipomaliza tu, akapata mimba ya kijana dereva wa lori. Sikumpiga wala sikumfukuza. Nilimwambia kituo chetu kipo, aanze kliniki, na huyo kijana aje tumwone. Lakini niliyasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, naye akaisikia.

"Dada, usinipangie. Wewe si mama yangu. Hujazaa, huwezi kuwa na uchungu na mimi."

Akafunga nguo zake akaenda Pugu kwa watu wa yule kijana. Faustini alitaka kumfuata akamrudishe, nikamzuia. Miezi ikapita. Nilijua tarehe zake kwa kuhesabu mwenyewe, na kila seti niliyoifunga nilijiuliza kama ndiyo yake, au kama atazalia kule juu ya mkeka kama mama.

Akaja. Ilikuwa asubuhi, wakamshusha kwenye pikapu ya jirani, ameshikwa tangu jana yake, midomo imekauka. Alinipita kwenye korido hakuniangalia. Nikasogea kushika machela, Bi Zuhura akaninyooshea kiganja.

"Mtumishi hahudumii ndugu yake. Kaa hapo."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, mimi mwenye sare. Kila Bi Zuhura alipotoka nilisoma uso wake. Alitumia kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, akaja akamwambia Sista, nami nasikia, kwamba njia imefunguka yote, mapigo bado mazuri, lakini mtoto hashuki na mama nguvu zimemwisha. Amekata tamaa, hasukumi. Sista alikuwa ameshaita gari la kumpeleka hospitali kubwa kwa upasuaji. Gari lilikuwa limenasa kwenye foleni ya malori Kurasini. Niliposikia hivyo nilimwona mama yangu amefunikwa uso, wazi kabisa, kama yuko pale sakafuni.

Kengele ya saa sita ikalia. Masista walisimama pale walipo wakasali Malaika wa Bwana, sala ya adhuhuri, na walipofika pale panapomwita Maria Mzazi Mtakatifu wa Mungu, nilishtuka kama nalisikia mara ya kwanza. Mzazi. Neno letu la wodini, la karo na mabeseni. Nilikuwa nimelisali tangu utoto na sikuwahi kuliunganisha.

Hawajamaliza, mlango ukafunguliwa.

"Huyu binti ana jambo moyoni," alisema Bi Zuhura. "Analia anasema amemkosea mama. Nataka mama yake aje atoe radhi."

Kwa wasiojua, kwetu Pwani mwanamke akikwama katika uzazi, mama yake huitwa amwambie kwamba amemuwia radhi, kwamba hana kinyongo naye, na maziwa aliyomnyonyesha ni halali kwake.

"Bi Zuhura, mama yetu alifariki. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakuita wewe."

Nilimtazama Sista. Nilidhani atasema hayo ni mambo ya mila. Akasema, "Msamaha si uganga, Tekla. Nenda. Gari likifika nitawagongea."

Hivyo ndivyo nilivyoingia leba kwa mara ya kwanza, mimi niliyeifulia mashuka na kuifungia vyombo karibu miaka ishirini. Ni chumba kidogo kuliko nilivyodhani. Neema alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta.

"Dada, nitakufa kama mama."

"Hufi. Nisikilize." Na hapo maneno yakanipotea, kwa maana maneno yenyewe ni ya maziwa, na mie maziwa nitatoa wapi. Bi Zuhura akanigusa kiwiko. Nikasema hivi: "Neema, mie sikukunyonyesha. Lakini maziwa ya kopo niliyokukorogea, na uji, na yale ya mbuzi wa jirani, yote ni halali kwako. Sina kinyongo. Nimekuwia radhi, mwanangu."

Akajibu, bado ametazama ukuta:

"Uji wenyewe ulikuwa unaungua kila siku."

"Na ule ulioungua pia."

Akacheka. Kicheko kibovu, kimechanganyika na kilio, lakini kicheko.

"Haya," alisema Bi Zuhura, "mwenye pumzi ya kucheka anayo ya kusukuma. Mteremshe. Wewe kaa nyuma yake, mpitishe mikono makwapani, abebwe na wewe. Achuchumae. Uchungu ukija, sukuma chini, usisukume kooni."

Nilimbeba. Uzito wake wote ulikuwa kifuani pangu, na kila uchungu ulipokuja ulinipita na mimi. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba gari lilikuwa bado Kurasini mtoto alipotoka, wa kike, akapiga kelele kabla hajafika mikononi mwa Bi Zuhura. Kitambaa kilichompokea nilikuwa nimekifunga mimi.

Sisemi kwamba radhi ndiyo iliyomtoa. Bi Zuhura alijua kuwa kuchuchumaa kunafungua nyonga, na kila kijana anayesoma hapa ajue kwamba gari liliitwa mapema, kama inavyotakiwa. Nasema tu kwamba mdogo wangu alikuwa ameacha kusukuma, kisha akasukuma.

Kondo la nyuma lilipotoka na damu ikakatika, nilikusanya mashuka mwenyewe nikatoka nayo. Bi Zuhura akanifuata mpaka karoni.

"Kesho ukija usipitie dobi. Pita kwangu."

"Na ile kanuni yako?"

"Kanuni iko palepale. Asiyezaa haingii." Akageuka akaenda zake. "Nawa uso, una kamasi."

Nilibaki leba mpaka nilipostaafu. Bi Zuhura alinifundisha kumpangusa mtoto, kumlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kulikagua kondo lisibakize kipande. Alifariki akiwa mzee wa kuheshimiwa, na msibani kwake kulijaa wanawake ambao hakuna aliyeweza kuwataja wote majina. Sista Mfawidhi alirudishwa bara, kwenye nyumba ya masista wazee, na huko akafariki. Mkuu wa Dobi alitangulia zamani. Nikiwataja katika sala nawataja kwa vyeo vyao, nadhani Mungu anawafahamu hivyo pia.

Watu huniuliza kama kazi ile ilinipunguzia imani, kuona uzazi ulivyo, na damu yake na kelele zake. Iliiongeza. Kabla ya hapo niliamini fumbo la Noeli kama mtu anavyoamini picha ya ukutani. Baadaye niliona watoto wakitoka wamepakaa utando mweupe, kichwa kimebanwa kama embe, wakitafuta ziwa kabla hawajafumbua macho. Nikasema: Mungu aliyeumba bahari angeweza kushuka akiwa mtu mzima, amevaa. Akachagua kukaa miezi tisa gizani, akachagua kukatwa kitovu, akachagua kumhitaji msichana mmoja wa kijijini kwa kila tone la maziwa. Kama Maria alipata uchungu au la, nimewaachia Sista na Bi Zuhura waendelee kubishana huko waliko. Mimi kinachonishangaza ni kwamba alikubali. Nimewaona wanawake wengi wakikubali, na bado namstaajabia yeye kuliko wote.

Bado naishi Tandika. Neema ana duka lake la vitambaa, na binti yake, Tumaini, yule wa siku ile, sasa ni mtu mzima. Kwa desturi mimi ni mama mkubwa wake, lakini tangu ajue kusema ananiita Bibi, na Neema hakumsahihisha.

Parokiani wamenipa kazi moja. Noeli ikikaribia wananiletea kitambaa cha pangoni, kile cha kumlazia Mtoto, nikifue. Kimekaa kabatini mwaka mzima; kina vumbi tu na harufu ya ubani. Mwaka uliopita Tumaini alikuja kunisaidia. Akaniona namimina chumvi kwenye beseni la maji ya bombani, nakidumbukiza, nakisubiri.

"Bibi, kwani kina damu?"

"Hakina."

"Sasa maji baridi na chumvi ya nini?"

Nilikigeuza upande wa pili kilowe vizuri.

"Alizaliwa," nikamwambia.